Je, Wajua? Maji Maangavu Huenda Yasiwe Salama

Maji ya kisima yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo. Ndiyo maana wapimaji hutafuta bakteria aina ya E. coli, wanaoishi katika utumbo wa binadamu na wanyama. Wakionekana, ni dalili kwamba kinyesi kimeingia majini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza wasipatikane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Maabara huchuja sampuli, huweka kichujio juu ya chakula cha bakteria kwenye joto maalumu, kisha kesho yake huhesabu vidoa vilivyoota. Majibu yakichelewa, usisubiri: chemsha maji hadi yatokote, yafunike, ndipo unywe.