Pesti ya Joto na Uhai wa Kompyuta Kuukuu: Mtazamo kutoka Juru, Makazi ya Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Juru ni mojawapo ya kanda zake. Wakazi wa sasa wanatoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Katika mazingira hayo kompyuta haibadilishwi kirahisi. Ikiharibika, vipuri hutafutwa Mbarara mjini, na nauli huenda ikazidi bei ya kipuri chenyewe.

Kompyuta kuukuu inayofanya kazi polepole na kuzimika ghafla hudhaniwa kuwa na virusi, au kuwa imekufa. Mara nyingi chanzo ni joto. Prosesa nyingi zimeundwa kupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na hatimaye kujizima ili zisiungue. Kwanza sharti feni ikaguliwe, kwa kuwa vumbi la kiangazi huziba njia za hewa. Feni ikiwa safi na joto lisipungue, pesti ndiyo ya kushukiwa.

Uso wa prosesa na uso wa kipozaji huonekana laini, lakini vina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hujaa hewa. Hewa hupitisha joto kwa kiwango cha takribani wati 0.026 kwa mita kwa kelvini, ilhali shaba hufikia takribani 400. Pesti ya kawaida, yaani mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga kama wa oksidi ya zinki, hufikia wati chache tu. Kwa hiyo kazi yake ni kuifukuza hewa, wala si kuchukua nafasi ya chuma. Tabaka nene huzuia joto badala ya kulipitisha.

Hapo ndipo suala la istilahi linapoingia. Fundi aliyejifunza kazi Kongo huijua pesti kwa Kifaransa, na aliyejifunza Mbarara kwa Kiingereza. Kuiita «gundi» kwa Kiswahili ni kupotosha: gundi hushikanisha, na anayeamini hivyo atapaka nyingi. Kinachokishika kipozaji ni skrubu au vibanio. «Pesti ya joto» haina hatari hiyo.

Kabla ya kukifungua kipozaji, kompyuta huwashwa dakika chache ili pesti iliyokauka ilainike. Kisha huzimwa na kuchomolewa umeme, na kipozaji huzungushwa kidogo kabla ya kuinuliwa, kisije kikaing'oa prosesa. Mabaki hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kwa prosesa yenye kifuniko cha chuma, tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati hutosha. Ile ya kompyuta pakato, ambayo kwa kawaida haina kifuniko, hupakwa tabaka jembamba lifunike uso wote. Skrubu hukazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, ili mgandamizo uwe sawa. Dawa ya meno, ambayo wengine huitumia kama mbadala, hukauka haraka kwa sababu ina maji.

Uganda ilipata sera ya taka za kielektroniki mwaka 2012. Kwa washauri wa sera, jambo la kuzingatia ni kwamba mashine nyingine huhesabiwa kuwa taka kwa kukosa gramu moja ya pesti. Miradi inayogawa kompyuta kuukuu katika makazi ingefaa ibadilishe pesti kabla ya kuzikabidhi, na iache bomba moja na chupa ya spiriti mikononi mwa mafundi wa Juru.