Adui Asiyekufa na Watu Wake

Katika picha tulizokulia, za Kihindi na za kareti, stelingi hafi. Atapigwa, atachomwa kisu, ataangushwa ghorofani, lakini lazima ainuke amalize kazi. Huko Marekani ipo jamii ya mashabiki iliyoipindua kanuni hiyo: kwao adui ndiye hafi. Michael Myers wa filamu za Halloween ameshapigwa risasi, ameteketea kwa moto hospitalini, ametumbukia kwenye shimo la mgodi, na kila mara amerudi na ovaroli lake na barakoa yake nyeupe, akitembea taratibu bila kusema neno. Basi tarehe 14 Oktoba 2022, ilipotoka filamu ya 13 ya mfululizo huo ikiitwa Halloween Ends, watu hawa waliingia sinema wakijua wanakwenda kumzika mtu wao. Walichokikuta kikawachefua.

Filamu inaanza na kijana mpole, Corey, aliyeachiwa mtoto amwangalie usiku wa Halloween. Mtoto anamfungia chumbani kwa utani. Corey anapaniki, anaupiga mlango teke, mlango unamgonga mtoto na kumtupa chini kutoka ghorofa ya juu. Wazazi ndio kwanza wanaingia sebuleni. Ni tukio lililotengenezwa kwa ustadi hasa, na hakuna Michael ndani yake. Kisha tunakaa na huyo Corey: mji unamkataa, anampenda mjukuu wa Laurie Strode, mwanamke aliyewindwa na Michael tangu filamu ya kwanza, polepole anaoza moyo. Michael tunamkuta amejificha kwenye mfereji wa maji machafu, amezeeka, amechoka. Kuna wakati Corey anamnyang'anya barakoa kabisa. Kwa shabiki aliyemfuata muuaji huyu tangu utotoni, hilo lilikuwa tusi. Watazamaji walioulizwa na CinemaScore usiku wa kwanza waliipa filamu C+, alama ya chini kuliko mbili zilizoitangulia, nazo zote ziliongozwa na mtu yuleyule, David Gordon Green.

Mgeni akiwasikia wakilalamika atadhani ni watu wanaopenda damu tu, na damu haikutosha. Si hivyo. Jamii hii ina mila zake, na ukizijua utaelewa kilichowauma.

Cha kwanza ni barakoa. Mwaka 1978 mwongozaji John Carpenter alikuwa na dola laki tatu na ushei za kutengeneza filamu ya kwanza nzima, kwa hiyo msaidizi wake, Tommy Lee Wallace, alinunua dukani barakoa ya Kapteni Kirk wa Star Trek, yenye sura ya mwigizaji William Shatner, kwa bei isiyofika dola mbili. Akazing'oa nyusi, akapanua matundu ya macho, akavuruga nywele, akaipulizia rangi nyeupe. Sura ile ya mtu asiye na hisia yoyote ndiyo iliyobaki kuwa kipimo. Tangu hapo kila filamu mpya hupimwa kwanza kwa barakoa, hata kabla ya hadithi. Shabiki aliyekomaa ataitazama picha moja tu, atakwambia hii ni ya filamu ya nne, imepauka mno na haina uhai. Hii ni ya tano, shingo yake imekaa vibaya. Ile ya Halloween H20 ya 1998 bado ni kichekesho, kwa sababu watengenezaji walibadilisha barakoa katikati ya kazi na sehemu moja wakaichora kwa kompyuta. Ukiyakosea haya mbele yao, utasahihishwa papo hapo, tena bila huruma.

Halafu kuna ukoo. Muulize shabiki Laurie Strode ni nani kwa Michael, naye atakuuliza unafuata mstari upi. Kwa filamu ya 1981 ni dada yake. Kwa ile ya 2018, iliyofuta kila kitu isipokuwa hadithi ya 1978, hawana udugu wowote. Laurie mwenyewe ameshakufa mara mbili: mara moja kwa ajali ya gari, habari tunayopewa kwenye filamu ya nne, na mara ya pili mwaka 2002 alipochomwa kisu na kuanguka kutoka juu ya paa. Bado Jamie Lee Curtis, anayemwigiza Laurie, alirudi mwaka 2018 akiwa bibi mwenye bunduki, na hakuna aliyeona ajabu. Kila shabiki ana mstari wake anaoutetea, na mabishano hayo huwa na raha yake.

Wana pia mahali pa kuzuru. Haddonfield, mji wa hadithi, umewekwa Illinois, lakini filamu ilipigwa South Pasadena, California, wakati wa majira ya kuchipua. Ndiyo maana majani makavu unayoyaona yakipeperuka yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakazolewa yatumike tena kwenye onyesho lingine, na mwenye jicho kali ataona mitende ya California nyuma ya mji unaodaiwa kuwa Illinois. Mashabiki wanayajua hayo yote na wanayapenda zaidi kwa sababu hiyo. Huenda kupiga picha mbele ya nyumba iliyotumika kama kwa akina Myers, ambayo ilihamishwa kutoka kiwanja chake cha asili, na kwenye ule ukuta mfupi ambapo Laurie aliketi akiwa na boga mapajani. Oktoba 2018 walikusanyika Pasadena kuadhimisha miaka 40 ya filamu. Wenzao, mashabiki wa mfululizo wa Friday the 13th, nao wana kambi ya skauti huko New Jersey ilikopigwa filamu ya 1980. Wenyeji wake huifungua kwa ziara, na tiketi hugombewa.

Tena huhesabu maiti. Hili humshtua mgeni kuliko yote. James A. Janisse amejipatia jina kwenye YouTube kwa kuhesabu vifo vya kila filamu kimoja kimoja, akitoa tuzo ya msumeno wa dhahabu kwa kifo kilichobuniwa vizuri na panga butu kwa kilichofanywa ovyo. Wanachokipima humo ni ufundi: nani alitengeneza jeraha, damu ilipitishwa wapi, kamera ilisimama upande gani.

Kwa hiyo Halloween Ends ilipoleta kijana mgeni na kumpa barakoa, ilivunja mwiko. Lakini kukasirika huku nako ni desturi yao ya zamani. Mwaka 1982 Carpenter na mtayarishaji mwenzake, Debra Hill, walitaka kila filamu iwe na kisa chake, wakatoa Halloween III: Season of the Witch, habari ya kiwanda cha barakoa za watoto zenye uchawi. Michael hayumo. Mashabiki waliikataa katakata, hata filamu ya 1988 ikalazimika kutangaza kwenye jina lake kwamba Michael Myers amerudi. Leo hii barakoa tatu za filamu ile, ya mchawi, ya fuvu na ya boga, zinavaliwa kila mwaka, na vijana wanaiita mojawapo ya bora. Friday the 13th ilipitia njia hiyohiyo mwaka 1985: muuaji akagundulika si Jason, adui wao wa siku zote, bali Roy, dereva wa gari la wagonjwa aliyevaa barakoa ya mpira wa magongo yenye alama za bluu badala ya nyekundu. Mashabiki wakapiga kelele, Jason akafufuliwa mwaka uliofuata. Siku hizi sanamu za Roy zinauzwa na wanunuzi wapo.

Green aliyajua haya. Jina la Halloween Ends linapotokea mwanzoni limeandikwa kwa herufi za bluu za mtindo wa Halloween III. Alikuwa anawaambia wenyeji, kwa lugha yao, kwamba atawakosea kwa makusudi.

Kwa maoni yangu kosa la filamu si Corey. Kosa ni kwamba baada ya kutuaminisha kijana huyo kwa muda wote ule, inamtupa upesi ili Laurie na Michael wapigane jikoni, kana kwamba mtengenezaji aliogopa dakika za mwisho. Ila maziko yenyewe ni mazuri. Mwili wa Michael unafungwa juu ya gari, mji mzima unaufuata kwa msafara usiku hadi kwenye yadi ya vyuma chakavu, na Laurie anausukuma kwenye mashine ya kusaga watu wakishuhudia. Hakuna filamu nyingine ya mfululizo huu iliyowapa majirani wa Haddonfield nafasi ya kuaga hofu yao pamoja.

Basi anayetaka kuingia katika jamii hii asianze na hii. Aanze na ile ya 1978, ni dakika 91 tu; kisha aone ya 1982 bila kumtafuta Michael; ndipo aje kwa Corey. Halloween: Resurrection ya 2002 anaweza kuiruka. Hiyo haijasamehewa hadi leo, na haistahili.