Mchanga Ulio Kisima

Mtu akikwambia kwamba mchanga ni kisima, huenda ukamdhania anatega kitendawili. Nami nilidhani hivyo hadi nilipoyazuru matuta ya mchanga yaliyo karibu na mji wa Zandvoort, Uholanzi, kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini.

Nilifika langoni na baiskeli ya kukodi. Mlinzi akaniambia niifunge nje: humo huingiwa kwa miguu. Nilikasirika, maana Uholanzi ndiko baiskeli inakoheshimiwa. Ajabu ni kwamba mtembeaji ameruhusiwa kuiacha njia na kupita apendako. Waholanzi wana kitenzi mahususi cha mwendo huo, struinen. Mwenye baiskeli huelekezwa hifadhi jirani ya Zuid-Kennemerland, alikowekewa njia zake.

Kiini cha ulinzi huo ni maji. Tangu mwaka wa 1853 jiji la Amsterdam hunywa maji ya matuta hayo. Mvua hupenya mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake. Yakichotwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Waholanzi walijifunza hayo kwa taabu. Tangu 1957 huleta maji ya mto Rhine, yakiwa yameshachujwa, wakayaingiza matutani kufidia waliyoyachota.

Nikiwa kule niliikumbuka Shela. Matuta yake, kisiwani Lamu, yana kazi iyo hiyo: mvua inayohifadhiwa humo ndiyo inayowanywesha watu wa mjini. Hata hivyo, wapo wanaoyatazama wakaona viwanja vya majumba ya kifahari tu. Jumba huja na choo, na choo juu ya kisima hakihitaji mfasiri.

Lugha nayo ina lawama yake. Twasema "mchanga mtupu", "ardhi tupu"; na kitu tukishakiita kitupu, ni rahisi kukigawa.

Sisemi watu wazuiwe kuyafurahia matuta. Nasema njia ziainishwe, mipaka iheshimiwe, na asijenge mtu juu ya maji ya wenziwe. Hatuna mto Rhine wa kutufidia kisiwani.

Jioni ile nilirudi langoni, nikaifungua baiskeli yangu. Nilipofika nilikofikia nilikinga maji ya bomba nikanywa. Yalikuwa matamu, na hasira zikaniisha.