Kukata Mikanda ya Mbao kwa Msumeno wa Pembe

Mikanda ya mbao inayozungushiwa fremu za milango, au inayofunika mahali ukuta unapokutana na sakafu, huhesabiwa kuwa kazi ndogo ya kumalizia nyumba, ingawa ndiyo kazi ambayo jicho huikagua kila siku. Chombo kinachoifaa zaidi ni msumeno wa pembe, yaani msumeno wa umeme ambao diski yake ya meno imefungwa kwenye mkono unaoshushwa, huku meza iliyo chini yake ikizungushwa na kukazwa kwenye nyuzi zinazotakiwa. Ukataji mzuri hutegemea kwanza mbao kutulia, kwa sababu mbao iliyotulia hukatika kwa usahihi na pia humkinga fundi na majeraha.

Kona ya nyuzi 90 huundwa na vipande viwili vilivyokatwa kila kimoja kwa nyuzi 45, lakini kuta nyingi hazikunyooka kiasi hicho, hivyo fundi makini huipima kona yenyewe, huigawa kwa mbili, kisha hulitoa jibu hilo katika 90 ili apate namba ya kuweka kwenye meza: kwa kona ya nyuzi 92, msumeno huwekwa kwenye nyuzi 44 kila upande. Kosa dogo hapa lina gharama. Mkanda wenye upana wa milimita 70 ukikatwa kwa nyuzi 45 huwa na uso wa kiungo wa karibu milimita 99, na vipande viwili vikikosewa kwa nusu nyuzi kila kimoja, kiungo huacha ufa wa takriban milimita 1.7 kwenye ncha moja. Mbao mbichi nayo huharibu kiungo kilichokatwa vizuri, kwa kuwa inapokauka husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, na ufa hufunguka upande wa ndani wa kona.

Kabla ya kuamini namba zilizochorwa kwenye meza, msumeno wenyewe hujaribiwa. Kipande kipana cha mbao kilichonyooka kingo zote mbili hukatwa kwa nyuzi sifuri, nusu moja ikageuzwa juu chini, kisha nusu zote mbili zikaegemezwa kwenye kiegemeo, yaani ukingo wa chuma ulio nyuma ya meza, na ncha zilizokatwa zikakutanishwa. Zikigusana kutoka mwanzo hadi mwisho, msumeno uko sawa. Mwanga ukipita kati yake, ufa unaoonekana ni kosa halisi mara mbili, jambo linalolifanya liwe rahisi kugundulika. Diski nayo hula mbao kwa unene wa meno yake, ambao mara nyingi ni milimita 2 hadi 3, kwa hiyo hukatwa upande wa mabaki, nje ya alama ya penseli. Kwa mikanda myembamba, diski ya milimita 250 yenye meno 60 hadi 80 huacha uso laini kuliko ile ya meno 24.

Wakati wa kukata, mbao hubanwa kwenye kiegemeo na kwenye meza, mikono ikikaa angalau sentimita 15 kutoka kwenye diski bila kupishana mbele yake, na kipande kifupi kisichoruhusu umbali huo hushikwa kwa kibanio. Diski huachwa ifikie mwendo wake kamili ndipo ishushwe taratibu. Baada ya kukata, swichi huachiwa na diski husubiriwa isimame ikiwa chini, kwa sababu kuinuliwa ikiwa bado inazunguka huweza kurusha kipande kilichobaki. Kikinga cha diski hakifungwi kwa waya ili kibaki wazi, glavu na mikono mirefu ya nguo huepukwa kwa kuwa huweza kunaswa na meno, na plagi huchomolewa kabla ya kubadilisha diski.

Miwani na vizuia kelele ni vya lazima, na barakoa pia, kwani Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, na vumbi la mvule hujulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua pumzi. Karakana inayomfunza mwanagenzi utaratibu huu tangu siku ya kwanza humpa ustadi wa kona zilizofungana, na humwachia vidole na mapafu ya kuutumia ustadi huo hadi uzeeni.