Si kila anayesikia sauti ana skizofrenia

Dodoma, mtu akianza kuona visivyokuwepo au kushikilia kwamba majirani wanataka kumuua, ndugu husema karogwa, au apelekwe Mirembe. Hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili ina msaada mkubwa. Hata hivyo, swali la kwanza ni hili: hali hiyo imeanza lini?

Skizofrenia, ugonjwa wa akili, mara nyingi huanza ujanani na kujijenga kwa wiki au miezi. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo anaweweseka na hajui alipo, huenda anaumwa mwili. Malaria ikipanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, hata maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuvuruga ubongo. Kipimo cha malaria na cha sukari hutoa majibu kwa dakika chache.

Mnywaji wa kila siku akiacha pombe ghafla, kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuona wadudu ukutani. Hali hiyo huweza kuua. Aachishwe pombe chini ya uangalizi wa daktari. Bangi, kifafa na kukosa usingizi navyo huleta maruweruwe. Mama aliyejifungua akianza kushuku watu au kusikia sauti, awahishwe hospitali siku hiyohiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Hata chakula huweza kuwa chanzo. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na wengine kuchanganyikiwa baada ya kula unga wa msaada uliokuwa na sumu ya mbegu za gugu la datura.

Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ugonjwa wa macho wa trakoma umewapofusha wengi. Aliyepoteza uwezo wa kuona, kwa ugonjwa wowote wa macho, anaweza kuona watu au maumbo ambayo ubongo wenyewe umeyatunga, huku akijua si ya kweli. Mswisi Charles Bonnet alieleza hali hiyo mwaka 1760, baada ya kumsikiliza babu yake. Aliyefiwa naye anaweza kusikia sauti ya marehemu bila kuwa mgonjwa.

Basi ndugu akianza kuona au kusikia visivyokuwepo, msimfunge kamba, wala msianzie kwa mganga. Mpelekeni kituo cha afya, mkaeleze hali ilianza lini, ana homa au hana, anakunywa nini na anatumia dawa gani. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwonyesha daktari pa kuanzia, na mengi kati ya magonjwa haya hutibika yakiwahiwa.