Je, Wajua? Dawa ya Mafua Iliyovishwa Ua

Je, wajua kwamba DMAA, dawa ya kuchangamsha mwili iliyotamba kwenye poda za wapiga tizi, ilianzia puani? Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani iliipatia hataza mwaka 1944, kisha ikaiuza kwa jina la Forthane, dawa ya kuvuta kwa mtu aliyezibwa pua. Ilibana mishipa ya damu, uvimbe ukapungua, hewa ikapita. Mwaka 1983 iliondolewa sokoni.

Iliyoifungulia njia ya kurudi ni efedra. Mmea huo, uliotumika China tangu kale, ulikuwa ukitiwa kwenye vidonge vya kupunguza unene, hadi Marekani ilipoupiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Watengenezaji wakahitaji kichangamshi kingine, na mwaka 2006 mkemia Patrick Arnold, yuleyule wa BALCO, kashfa ya dawa haramu michezoni, akaifufua DMAA.

Hapo ndipo ua lilipoingia. Sheria ya Marekani huruhusu kirutubisho chenye asili ya mmea kiuzwe bila kupitia majaribio yanayodaiwa kwa dawa. Basi makopo yakaandikwa kwamba DMAA hutoka kwenye jeraniamu, ua la bustanini. Tegemeo kubwa lilikuwa makala moja ya China ya mwaka 1996. Maabara nyingine zilipoyapima mafuta ya ua hilo, kadhaa hazikuiona kabisa, na zilizoiona zilikuta chembe ndogo mno. Shehena nzima ya maua isingetosha kopo moja! Iliyouzwa ilitoka kiwandani, na kumwambia mnunuzi kwamba ni ua ni kumdanganya.

Dawa inayobana mishipa ya pua, ikinywewa, hubana na ya mwili mzima. Shinikizo la damu hupanda, moyo huelemewa, hasa poda ikiwa imechanganywa na kafeini na mnywaji yuko mbioni. Mwaka 2012 mwanamke wa miaka 30 alianguka akafa akikaribia kumaliza London Marathon. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza kwamba huenda DMAA, pamoja na uchovu wa mbio, ilichangia.

Wanamichezo wa Afrika nao imewagharimu. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliiweka kwenye orodha ya marufuku mwaka 2010, na mwaka huohuo Oludamola Osayomi wa Nigeria akakutwa nayo mwilini, akapokonywa dhahabu ya mita 100 aliyoipata kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi.

Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba DMAA haihesabiki kuwa kiambato cha mmea. Ndugu msomaji, kabla ya kununua poda ya mazoezi, geuza kopo usome. Ukikuta DMAA, methylhexanamine au dimethylamylamine, ni kitu kilekile: kirudishe rafuni.