Kengele yenye kamera na transfoma ya zamani: tatizo la mageti ya Johannesburg

Katika vitongoji vingi vya Johannesburg mgeni hafiki mlangoni moja kwa moja. Hukutana kwanza na ukuta mrefu, geti la chuma na kitufe cha kengele.

Katika miaka ya karibuni wakaazi wengi wamekiondoa kitufe hicho na kuweka kengele yenye kamera, inayomwonyesha mgeni kwenye simu hata kama mwenye nyumba yuko Durban. Hata hivyo, hutaka kuibakiza kengele ya zamani ya ndani, ile inayogonga kwa sauti mbili, kwa ajili ya mama mzee asiyeshika simu wakati wote.

Hapo ndipo matatizo huanza. Kamera huzimika usiku, au kengele ya ndani huvuma kama nyuki ilhali hakuna aliyebonyeza. Lawama huangukia kamera au intaneti, na transfoma ndogo iliyofichwa kwenye kisanduku cha umeme husahaulika.

Kitufe kisichotumia umeme

Kengele ya zamani ni chombo rahisi. Transfoma hushusha umeme wa nyumbani, ambao Afrika Kusini ni volti 230, hadi volti 8 au 12. Mtu akibonyeza kitufe, koili ya waya hugeuka sumaku na kuvuta kijiti cha chuma kinachogonga kibati cha kwanza. Akiachia, springi hukirudisha kikagonga cha pili. Saa nyingine zote hakuna umeme unaopita.

Kamera inahitaji umeme usiku na mchana. Ikifungwa mahali pa kitufe, umeme wake wote hupita kwanza ndani ya koili ya kengele. Ukiwa mdogo, kijiti hakisogei. Lakini usiku kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho na huvuta umeme zaidi: kijiti hutetemeka, volti zinazoifikia kamera hushuka, nayo hujizima na kujiwasha upya.

Aina nyingi za kamera hizi hutaka volti 16 hadi 24, na transfoma yenye uwezo wa volti-ampia 10 hadi 40. Transfoma ya zamani ya volti 8 na ampia 1 hutoa volti-ampia 8 tu. Kuibadilisha ni lazima, lakini kwanza ihakikishwe kuwa kengele ya ndani inahimili volti hizo. Koili iliyotengenezwa kwa volti 8 yaweza kuungua.

Kamera nyingi huuzwa pamoja na kifaa kidogo kinachofungwa sambamba na koili, kwenye skrubu mbili za kengele ya ndani. Hupitisha umeme wa kamera pembeni, na mgeni anapobonyeza huiachia koili nguvu yote. Inasikitisha kwamba mara nyingi kifaa hicho hutupwa pamoja na boksi.

Umbali wa geti nao una gharama. Waya wa simu wenye kipenyo cha nusu milimita, kwa mita 30 kwenda na 30 kurudi, una ukinzani wa takriban ohm 5. Kengele ikivuta ampia 1, volti 5 zimepotea njiani. Waya mnene zaidi huondoa tatizo hilo.

Umeme unapokatika

Mgao wa umeme wa shirika la Eskom ulikuwa mkali kuliko wakati wowote mwaka 2023, ukasitishwa mwezi Machi 2024, kisha ukarejea kwa siku chache mapema mwaka 2025. Wizi wa nyaya nao huacha mitaa gizani. Kamera ya waya, kengele na ruta ya intaneti huzimika kwa pamoja, katika saa ambazo mwenye nyumba angependa zaidi kujua nani amesimama getini.

Penye inveta na betri, transfoma na ruta zifungwe upande unaolishwa na inveta. Mzigo wake ni mdogo: hata wati 30 kwa saa nne ni wati-saa 120 tu.

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2009, kazi ya upande wa volti 230 hufanywa chini ya fundi aliyesajiliwa, naye hutoa cheti cha usalama. Kabla hajaondoka, aombwe apime volti kwenye kamera yenyewe, taa zake za usiku zikiwa zimewaka.